Nani Atakupigia Kengele Ukishatoka Shuleni?

Ukizuru bweni lolote la shule ya upili katika juma la kwanza la muhula wa kwanza, utakuta kuta zimepambwa. Juu ya kila kitanda pamebandikwa ratiba iliyopigwa mistari kwa rula na kutiwa rangi tatu au nne. Saa kumi alfajiri, Hesabu. Saa kumi na moja, Kemia. Saa nne usiku, Fasihi. Hata Jumapili, ambayo watu wengine huipumzikia, imesheheni Fizikia tangu asubuhi hadi magharibi. Rudi katika bweni lilo hilo baada ya majuma matatu. Karatasi zingali pale na rangi zingali ziking'aa, ila mwenye ratiba amelala fofofo saa ambayo aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba angekuwa akikokotoa milinganyo. Nimefundisha Kiswahili katika shule za bweni kwa miaka mingi, na sijapata kuuona muhula wa kwanza usiokuwa na makaburi ya namna hiyo ukutani.

Sisi walimu tuna jibu letu tayari. Husema kwamba mtoto huyo ni mvivu, na ikiwa siku hiyo tumeamka vibaya, huongeza kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Nakiri kuwa miongoni mwa methali zote za lugha hii tamu, hiyo ndiyo niichukiayo zaidi. Humruhusu mwalimu kurejea zake kwenye chumba cha walimu akanywe chai bila kujiuliza ni dawa gani hasa aliyompa mgonjwa.

Na dawa yenyewe ni ipi? Aghalabu ni mawaidha. Mwanafunzi wa Kenya hupewa mawaidha kwenye gwaride la Jumatatu na la Ijumaa, hupewa na mwalimu wa darasa, na mwalimu wa zamu, na mzazi siku ya kulipa karo, na mgeni wa heshima siku ya kutuza washindi. Mitihani ya kitaifa inapokaribia, shule huandaa siku ya maombi na kumwalika mhamasishaji kutoka mjini, mtu mwenye suti ya kumeremeta na kipaza sauti, naye huwaliza watahiniwa hadi wengine wakazirai. Siku hiyo kila mtu huapa kubadilika. Siupuuzi moyo wa watu hawa. Lakini mtahiniwa aliyelia Jumamosi huketi Jumatatu mbele ya kitabu kile kile, kwenye kiti kile kile, karibu na rafiki yule yule mwenye masihara, na hana ujuzi wowote mpya wa kumwezesha kutenda tofauti na alivyotenda Ijumaa. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Ila hatujapata kumfundisha huyu mja namna ya kutoka kwenye kunena akaingia kwenye kutenda.

Badala ya ujuzi huo tumempa kengele. Maisha ya shule ya bweni huendeshwa nayo. Kengele humwamsha, humpeleka darasani, humwita maankulini, humrudisha kwenye masomo ya jioni ambayo wao huyaita prepu, kisha humzimia taa. Zamani nyuma ya kengele palisimama kiboko. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia marufuku hiyo, lakini fikira iliyokiajiri kiboko haikustaafu. Bado tunaamini kwamba nidhamu ni kitu cha kumwagiwa mtu kutoka nje, kama maji kichwani.

Matokeo yake tunayaona chuoni. Kijana aliyepata alama ya A katika shule iliyompigia kengele mara ishirini kwa siku huingia chuo kikuu, akapewa chumba, kitambulisho na orodha ya mihadhara. Hakuna amwamshaye wala amwulizaye alikokuwa. Ifikapo mwisho wa mwaka wa kwanza wazazi wanaarifiwa kwamba mtoto anarudia mitihani minne, na kijiji kizima kinashangaa jinsi akili zilivyoweza kuyeyuka katika miezi tisa. Akili hazikuyeyuka. Kilichokosekana ni kengele, na yeye hakuwahi kufunzwa kujipigia yake.

Hili ndilo ninalotaka tulizungumze leo, wanafunzi na walimu wenzangu: sanaa ya mtu kujinoa mwenyewe. Nimelikopa neno hili kutoka kwa watangazaji wa kandanda, ambao husema fulani anainoa timu fulani. Mnoaji hachezi. Kazi yake ni kutazama, kupima, kurekebisha jambo moja kwa wakati, kisha kutazama tena. Je, mtu mmoja anaweza kuwa mchezaji na mnoaji kwa pamoja?

Mkenya mmoja alishatujibu. Julius Yego alizaliwa mwaka wa 1989 huko Nandi, nchi ya wakimbiaji, akapenda kurusha mkuki. Katika taifa ambalo kila mwenye miguu miwili hutarajiwa kukimbia, mchezo huo haukuwa na wakufunzi wa kutosha wala vifaa vya maana. Yego akaingia kwenye vibanda vya intaneti akatazama kanda za video za mabingwa wa mkuki, Jan Železný wa Czech na Andreas Thorkildsen wa Norway. Alitazama mguu ulivyotua, bega lilivyochelewa nyuma ya nyonga, mkono ulivyofunguka. Kisha alikwenda uwanjani akajaribu, akarudi tena kwenye video kulinganisha. Mwaka wa 2011 alitwaa dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Maputo. Mwaka wa 2012 alifika fainali ya Olimpiki jijini London. Mwaka wa 2015, mjini Beijing, alirusha mkuki mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya mashindano hayo katika fani isiyo ya kukimbia wala kutembea. Mwaka uliofuata akaleta nishani ya fedha kutoka Olimpiki ya Rio.

Watu wakisimulia habari hii husema, tazama jinsi bidii inavyolipa. Naomba kutofautiana nao kidogo. Bidii walikuwa nayo wengi. Vijana wangapi wamerusha vijiti malishoni kwa bidii hadi mabega yakauma, na wasifike popote? Alichokuwa nacho Yego zaidi ya bidii ni mzunguko: kutazama, kujaribu, kurudi kutazama. Asiyerudi kutazama hujizoeza makosa yake, na kadiri anavyotia bidii ndivyo makosa yanavyokomaa. Na jambo la pili ambalo wasimulizi hulisahau ni kwamba alipopata nafasi ya kwenda Finland kufanya mazoezi chini ya mkufunzi Petteri Piironen, alikwenda. Kujinoa si kiburi cha kumkataa mwalimu. Kwa hakika anayejinoa ndiye hufaidi mwalimu zaidi, maana humfikia na swali mahususi, wala hamwambii tu, "Mwalimu, nisaidie."

Lakini mkuki una rehema moja ambayo tabia hazina. Ukiurusha, utepe wa kupimia hukuambia ukweli papo hapo. Je, uvivu hupimwa kwa utepe gani? Hasira je? Mazoea ya kunakili kazi ya ziada ya mwenzako kila asubuhi?

Hapa ndipo daftari linapoingia. Benjamin Franklin, mpiga chapa wa Philadelphia aliyeishi kati ya 1706 na 1790 na ambaye wengi wetu tunamjua kwa habari za radi na kishada, aliamua katika ujana wake kuondoa kasoro zake zote. Akaorodhesha fadhila 13, miongoni mwao kiasi, kimya, utaratibu, uchapakazi na unyofu. Orodha hiyo mwanzoni ilikuwa na fadhila 12, hadi rafiki mmoja alipomdokezea kwa upole kwamba watu humwona mwenye majivuno, ndipo akaongeza unyenyekevu. Akajitengenezea kijitabu, kila fadhila na ukurasa wake, kila ukurasa na safu saba za siku za juma. Kila jioni alijikagua na kutia doa jeusi mahali alipokosea. Wala hakujaribu fadhila zote kwa mkupuo mmoja. Kila juma aliikazania moja, akamaliza mzunguko kwa majuma 13, na hivyo kupata mizunguko minne kwa mwaka.

Alifaulu? Katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe, anasimulia bila haya kwamba utaratibu ulimshinda. Aliendelea kutupatupa karatasi zake ovyo hadi uzeeni. Unyenyekevu nao, anasema, aliupata zaidi kwa sura ya nje kuliko kwa uhalisi. Hata hivyo aliamini kwamba jaribio hilo lilimfanya kuwa mtu bora na mwenye furaha zaidi kuliko ambavyo angekuwa. Hilo ndilo linalonivutia mimi. Kijitabu chake hakikuwa cha kujitukana. Doa jeusi lilikuwa kipimo, sawa na utepe wa mkuki, na mtu hatukani utepe.

Karibu nasi zaidi yuko Eliud Kipchoge, ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 amekuwa akiandika mazoezi yake kwa mkono kwenye madaftari: umbali, muda, viatu alivyovaa na jinsi alivyohisi ndani yake. Huyu ni mtu mwenye mkufunzi hodari, Patrick Sang, mshindi wa fedha ya Olimpiki ya 1992 katika mbio za kuruka viunzi na maji, na bado anajiandikia. Mwaka wa 2012 alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London, yeye aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka wa 2003. Wengine wangetundika viatu. Yeye mwaka wa 2013 alihamia marathoni, akaja kutwaa dhahabu mbili za Olimpiki, na tarehe 12 Oktoba 2019 mjini Vienna akakimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wanafunzi wangu wote wanaijua tarehe hiyo. Ni wachache waliokuwa wamesikia habari za madaftari.

Sasa nirejee kwenye ile ratiba ya bwenini, kwa sababu nadhani tunaweza kuitambua maradhi yake.

Kwanza, ni kubwa mno. Aliyekuwa akisoma dakika ishirini kwa siku Novemba anajiandikia saa saba Januari. Franklin hakuthubutu kushika fadhila mbili kwa wakati mmoja, ilhali kijana wa kidato cha pili anataka kubadilisha usingizi, chakula, marafiki na masomo manane tangu Jumatatu.

Pili, ratiba hutaja saa bali haitaji tukio. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Katika utafiti mmoja alioutoa pamoja na Veronika Brandstätter mwaka wa 1997, wanafunzi wa chuo kikuu waliombwa waandike, katika muda wa siku mbili, jinsi walivyoutumia mkesha wa Krismasi, kisha watume maandishi hayo. Wote waliafiki. Nusu yao waliombwa kuongeza jambo moja dogo: kutaja ni lini na ni mahali gani hasa wangeketi kuandika. Wale ambao hawakutaja, kama thuluthi moja tu ndio waliotekeleza. Waliotaja, takriban robo tatu walitekeleza. Nia ilikuwa ile ile kwa wote. Kilichoongezeka ni kuifunga nia kwenye kigingi, kama mbuzi.

Kwa hiyo mwanafunzi asiseme, "Nitaitilia Hesabu maanani muhula huu." Hiyo ni sala, na sala ina mahali pake. Aseme, "Nikishaketi kwenye dawati langu baada ya chakula cha jioni, kabla sijafungua kitabu kingine chochote, nitafanya hesabu tatu." Kiti, chajio na dawati vyote ni vitu vinavyotukia kila siku vipende visipende, navyo vitamkumbusha hata siku ambayo moyo umepoa.

Nilikuwa na msichana mmoja wa kidato cha pili ambaye alinakili kazi ya ziada ya Hesabu kila asubuhi. Mwalimu wa Hesabu alikuwa amekwisha kumwadhibu kwa kila njia inayoruhusiwa na sheria. Mimi nilikuwa mwalimu wake wa darasa, nikaletewa kesi. Nilipomwita aliniambia, "Mwalimu, mimi Hesabu ilinikataa tangu shule ya msingi." Sikubishana naye. Nilimpa daftari dogo la kurasa 32, nikamwambia, "Mwanangu, kwa wiki moja usibadilishe kitu. Andika tu ni saa ngapi unafungua kitabu cha Hesabu, na ni kitu gani ulichokuwa ukifanya kabla yake."

Aliporudi, daftari lilisema jambo ambalo wala yeye wala sisi hatukuwa tukilijua. Kila jioni alifungua Hesabu saa nne kasorobo, robo saa kabla ya taa kuzimwa, baada ya kumaliza masomo yote ayapendayo. Alikuwa anaipa Hesabu mabaki ya akili yake, kisha anashangaa haishibi. Tukaisogeza hadi mara tu baada ya chajio, hesabu tatu na si zaidi. Katika juma la kwanza alifaulu siku nne kati ya sita. Juma la pili siku tatu, akaja kwangu amenuna, anataka kuacha. Nikamwuliza siku zilizoanguka zilikuwa zipi. Zote zilikuwa siku za mazoezi ya voliboli, ambapo alichelewa kula. Basi kwa siku hizo tulitafuta kigingi kingine. Sikumpa wasia hata mmoja juu ya thamani ya elimu katika kipindi chote hicho, na nadhani alinishukuru kwa hilo kuliko kwa daftari. Mwisho wa mwaka alikuwa ametoka alama ya D hadi C. Najua C si hadithi ya kuwekwa gazetini. Lakini hakuwa akinakili tena.

Ningependa pia kuivunja imani moja iliyoenea mno, kwamba tabia hubadilika kwa siku 21. Nimeisikia kwa wahamasishaji, kwa wahubiri na hata kwa walimu wa ushauri nasaha. Asili yake yaelekea ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile nchini Marekani, ambaye katika kitabu chake cha 1960 alieleza kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku zipatazo 21 kuizoea sura yao mpya. Neno "angalau" likaanguka njiani, na sura ikageuka kuwa tabia. Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London walipolipima jambo lenyewe, katika utafiti uliochapishwa 2010, waliwafuata watu 96 kwa siku 84, kila mmoja akiwa amejichagulia kitendo kidogo cha kila siku, kama vile kunywa maji baada ya kiamshakinywa au kufanya mazoezi. Kwa makadirio yao, mtu wa kati alihitaji siku 66 ili kitendo kianze kujiendesha chenyewe. Mwepesi kuliko wote alihitaji siku 18, na mzito zaidi angehitaji 254. Kunywa maji kulizoeleka upesi. Mazoezi ya mwili yalichukua muda mrefu zaidi.

Fikiria basi madhara ya ile imani. Mwanafunzi anajitahidi siku 21, anaamka siku ya 22 na kukuta kitabu kingali kizito. Atasema nini? Hatasema kwamba hesabu ya siku ilikuwa ya uongo. Atasema, "Tatizo ni mimi." Siku 66 ni karibu muhula mzima wa shule. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, walinena wahenga, nao hawakututajia tarehe.

Utafiti huo ulionyesha jambo jingine ambalo nimelibandika ndani ya kabati langu: kuruka siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Hapa pana mzozo mtamu wa kitaalamu. William James, katika kitabu chake kikubwa cha saikolojia cha 1890, alishauri kwamba anayeanza tabia mpya asiruhusu hata mwanya mmoja hadi tabia hiyo itie mizizi. Namheshimu sana James, na kwa mlevi anayeacha pombe huenda ushauri wake ndio salama. Lakini kwa mwanafunzi anayejifunza kusoma kila jioni, nimeona siku moja iliyokosekana ikiua zaidi kwa aibu iletayo kuliko kwa dakika zilizopotea. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Swali la mnoaji si "Kwa nini umekuwa mtu wa ovyo?" bali "Jana kulitokea nini, na leo jioni utaanza saa ngapi?"

Anayejinoa ajihadhari pia na hakimu aliye ndani yake, maana hakimu huyo hudanganyika kwa urahisi. Mwaka wa 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, huko Marekani, waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Kundi moja liliisoma habari hiyo tena na tena. Jingine liliisoma mara moja, kisha likajitahini mara tatu kwa kuandika yote liliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya juma moja walikumbuka asilimia 40 tu, na waliojitahini wakakumbuka asilimia 61. Na waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka! Basi mwanafunzi anayepitia daftari lake la Historia mara tano kwa kalamu ya manjano na kujihisi ameiva, amepimwa na utepe mbovu. Afunge daftari, aandike kwenye karatasi tupu, ndipo atajua.

Najua kuna msomaji ambaye tangu mwanzo amekuwa akikunja uso. Anauliza, na ana haki ya kuuliza: mtoto anayetembea kilomita nane hadi shuleni, anayeteka maji jioni na kusomea koroboi isiyokuwa na mafuta, huyo naye tumwambie ajinoe? Hili ni pingamizi zito kuliko yote, na wauzaji wa vitabu vya kujiendeleza hulikwepa. Mfano mmoja utatosha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwapa watoto wadogo peremende laini na kuwaambia kwamba atakayesubiri atapata mbili. Baadaye waliosubiri walionekana kufanya vyema zaidi maishani, na dunia nzima ikahitimisha kwamba subira ndiyo siri. Mwaka wa 2018 Tyler Watts na wenzake walilirudia jambo hilo kwa watoto zaidi ya 900 wa asili mbalimbali. Uhusiano ule ulionekana mdogo zaidi, na walipozingatia hali ya nyumbani kwa mtoto pamoja na uwezo wake wa awali, sehemu kubwa yake ilitoweka. Mtoto ambaye kwao ahadi za chakula huvunjwa kila siku ana sababu nzuri ya kula peremende iliyoko mkononi.

Kwa hivyo yeyote atakayeitumia makala hii kumwambia mwanafunzi mwenye njaa kwamba shida yake ni nidhamu, atakuwa amenisoma vibaya. Karo, chakula na taa haviletwi na daftari. Serikali ina wajibu wake, na shule ina wake. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho: kwamba katika ile robo saa ambayo mtoto ni bwana wa nafsi yake, hata ikiwa ni robo saa tu kwa siku, ana haki ya kujua namna ya kuitumia. Kumnyima maarifa hayo kwa sababu ni maskini ni kumwibia mara ya pili.

Nasi walimu je? Kila muhula tunajaza fomu za Tume ya Kuwaajiri Walimu za kutathmini utendakazi wetu, tunajipa alama, tunamtafuta naibu wa mwalimu mkuu atie sahihi. Sijakutana na mwalimu aliyebadilika kwa sababu ya fomu hizo, na sababu ni ile ile ya kengele: zinajazwa kwa ajili ya jicho la mwingine. Nakumbuka mzee mmoja tuliyefundisha naye, sasa amestaafu, ambaye baada ya kila kipindi alisimama kidogo mlangoni akaandika sentensi moja nyuma ya daftari lake la mahudhurio. Siku moja nilimwuliza anaandika nini. Akanionyesha: "2B, nimeongea sana leo." Hakuna mkaguzi aliyewahi kuiona sentensi hiyo. Wanafunzi wake waliiona kesho yake.

Mwongozo wa mtaala wa umilisi uliotolewa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala mwaka wa 2017 unataja umilisi saba wa kimsingi, na miongoni mwake mna kujiamini katika uwezo wako na kujifunza jinsi ya kujifunza. Ni maneno mazuri. Lakini ukitazama ratiba ya shule nyingi hutaona dakika hata moja ambapo mwanafunzi anaachiwa kuamua jambo, akalikosea, akalirekebisha. Tunataka aogelee na hatutaki alowe.

Pendekezo langu kwa walimu wakuu ni dogo na halihitaji bajeti. Katika kila juma itengwe jioni moja ya prepu isiyopigiwa kengele wala kusimamiwa na mwalimu wa zamu. Mwanafunzi aandike kabla yake atafanya nini na ataanzia wapi, na baada yake aandike alichofanya hasa. Daftari libaki kwake. Mwalimu asilisahihishe, asilipe alama, asilisome mbele ya gwaride. Jioni za kwanza zitakuwa na kelele, hilo nawaahidi. Wapo watakaolala, na wapo watakaocheza karata nyuma ya darasa. Mwalimu wa nidhamu atawajia ofisini akisema alijua tangu mwanzo. Mwombeni asubiri hadi wiki ya kumi, kisha aende taratibu, bila kubisha hodi, achungulie dirishani ahesabu ni wangapi waliofungua vitabu bila kuambiwa. Idadi hiyo, iwe ndogo namna gani, ndiyo idadi ya wanafunzi mlio nao. Wale wengine mmekuwa mkiwashikia tu.